Santuri ya Jim Reeves: namna ya kuichagua, kuiosha na kuipiga ukiwa Tanga

Santuri ya nyimbo bora, yaani mkusanyiko wa zile zilizopendwa zaidi za mwimbaji mmoja, ndiyo iliyochoka kuliko zote kabatini. Hili lishike kabla ya jingine lolote. Santuri ambayo mwenye nyumba hakuipenda utaikuta inang'aa kama imetoka dukani jana, kwa sababu haikupigwa. Ya nyimbo bora ilipigwa Idi, ikapigwa Krismasi, ikapigwa siku mgeni alipofika na siku alipoaga, na kila mara sindano ilidondoshewa wimbo uleule. Kwa hiyo anayetafuta mkusanyiko wa Jim Reeves Tanga leo hatafuti jalada zuri. Anatafuta ile moja iliyobahatika kukaa kwa mtu mwenye mkono mwepesi.

Kwa nini Jim Reeves? Ungeuuliza moyo wangu, ungekwambia Bi Shakila wa taarab. Lakini nyimbo za hapa kwetu, za Atomic Jazz, Jamhuri Jazz, Black Star na Lucky Star, zilitoka zaidi kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja kila upande, na zilikuwa zikifyatuliwa Nairobi kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda chake. Santuri kubwa ya mizunguko 33, yenye nyimbo kumi na mbili za mwimbaji mmoja na picha yake juu anatabasamu, mara nyingi ni ya mgeni. Na mgeni ninayekutana naye mimi kila ninapofunguliwa kabati la mzee ni huyu Mmarekani wa Texas mwenye sauti nzito, anayeimba taratibu kama anayembembeleza mtoto. Kama wewe unamtafuta mwingine, hatua ni zilezile. Badilisha jina tu.

Jua unatafuta ipi

Jim Reeves alifariki tarehe 31 Julai 1964. Ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville katikati ya mvua ya radi, naye alikuwa hajatimiza miaka 41. Kufa hakukuzuia santuri zake. Mjane wake, Mary, pamoja na kampuni yake ya santuri, RCA Victor, waliendelea kutoa nyingine kwa miaka mingi, na katika baadhi yake kanda za zamani ziliongezewa vyombo ambavyo marehemu hakuwahi kuvisikia. Hapo ndipo mnunuzi anapoliwa. Anaona jina, anaona picha, anaona orodha ya nyimbo anazozijua, anafika nyumbani anasikia wimbo wa utoto wake umevalishwa nguo za mtu mwingine.

Kwa hiyo ukishika jalada, ligeuze. Tafuta mwaka na tafuta namba. Kwenye nakala za RCA Victor zilizochapwa Marekani miaka ile, namba inayoanza na LPM ni ya mono, sauti ileile kwenye spika zote, na inayoanza na LSP ni ya stereo, ambapo spika ya kushoto na ya kulia kila moja ina sauti yake. Usidhani stereo ndiyo bora siku zote. Wimbo wake "Four Walls" ni wa mwaka 1957 na ulirekodiwa kwa mono. Ukiukuta kwenye santuri ya stereo ujue umelazimishwa, sauti moja imegawanywa kwa ujanja wa mitambo, bezi huku, nyembamba kule. Kampuni ilikuwa inaandika kwenye jalada, kwa herufi ndogo, "Electronically Reprocessed". Mimi nikiyaona maneno hayo narudisha santuri mahali pake, isipokuwa kama inatolewa bure. Mtu anasikika kama anaimbia ndani ya pipa. Ukipata mono safi, chukua mono na usione haya.

Hesabu pia idadi ya nyimbo. Nyimbo za Reeves ni fupi, dakika mbili na nusu, tatu. Sita kwa upande mmoja zinakaa kwa nafasi, na santuri inatoa sauti iliyojaa. Kuna mikusanyiko mingine ya waimbaji mbalimbali iliyobandikwa nyimbo ishirini kwenye santuri moja: ili ziingie, mfereji, ule mstari ambamo sindano hupita, umebanwa na kufanywa mwembamba, matokeo yake ni sauti ndogo na wewe kuongeza volyumu mpaka unasikia vumbi linaimba.

Pa kuuliza

Duka la santuri usilitafute. Anza na mafundi redio, hasa wale wazee. Fundi aliyewahi kutengeneza gramafoni anajua nani mtaani alikuwa nayo. Pita kwa wanaonunua makabati na viti chakavu kuzunguka Mgandini na Tangamano, maana kabati hununuliwa na vilivyomo. Ulizia kwa jamaa zako waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, reli na bandari. Mshahara wa mwezi ndio ulionunua vitu hivi.

Jambo moja la adabu. Santuri nyingi hutoka kwenye nyumba iliyofiwa. Usiulizie msibani, hata kama macho yako yameiona palepale chini ya meza ya televisheni. Subiri arobaini ipite, kisha mpitie mkubwa wa nyumba, si kijana. Kijana atakuuzia haraka, na baada ya wiki utafuatwa na shangazi.

Itoe kwenye jalada, kwenye mwanga

Hatua hii ndiyo ninayoikalia muda mrefu, na nilijifunza kwa hasara. Mara ya kwanza nilinunua magharibi, umeme umekatika, mwanga wa simu tu. Jalada zuri, kona zake zote nne nzima. Kufika nyumbani naitoa: santuri ya filamu ya Kihindi. Sikuwa hata nimeichungulia. Bahati yake ilikuwa nzima kabisa, na mpaka leo naipiga, lakini sikuwa nimeifuata hiyo.

Kwa hiyo, hatua kwa hatua. Soma kibandiko cha katikati, hakikisha jina na namba vinalingana na jalada. Halafu tazama eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na kibandiko. Kuna namba imechorwa kwenye plastiki yenyewe. Mara nyingi inafanana na ile ya kibandiko au inakaribiana nayo. Kama ni jambo tofauti kabisa, uliza.

Sasa ishike kwa kingo, kiganja kimoja kila upande, bila kugusa uso wake, na uilaze usawa wa jicho. Izungushe. Ikiwa imepinda kidogo kama ukingo wa sinia la bati, huenda sindano ikapanda na kushuka bila shida. Ikiwa imejikunja kama bakuli, iache. Wapo wanaozibana kati ya vioo viwili na kuziweka juani zinyooke. Nimejaribu, nilipata bakuli la upande wa pili.

Halafu iinamishe mwanga wa jua uteleze juu yake, kwa nusu dakika, si zaidi, maana plastiki hii hulainika kwenye joto la chini sana kuliko la maji yanayochemka. Unatafuta vitu vitatu, na havina uzito sawa.

Nywele nyembamba zinazoonekana kwa jua tu, ukipitisha ukucha huzisikii: hizo ni za bahasha ya karatasi, zitatoa mchakacho mdogo au zisitoe kitu. Zisikutishe.

Mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha: huo utalia tak, tak, tak, kila mzunguko, na ukiwa mrefu unaofuata mwelekeo wa mfereji, sindano itakwama na Jim atarudia neno moja mpaka uamke kitini. Angalia zaidi mwanzo wa kila upande, pale nje kabisa, ambapo watu walidondosha sindano kwa mkono unaotetemeka.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui. Santuri nzima inatakiwa kuwa nyeusi inayong'aa. Ukiona ukanda mmoja una rangi ya kijivu, kama majivu yamepakwa, wakati kanda za jirani yake ni nyeusi, huo si uchafu, hautatoka kwa kuosha. Ni mfereji umeliwa na sindano butu. Na ukihesabu ni wimbo wa ngapi, kwa Jim Reeves mara nyingi utakuta ni "He'll Have to Go", ule wa mtu anayeongea na mpenzi wake kwa simu, uliotoka mwishoni mwa 1959 na kushika namba moja kwenye chati ya muziki wa kantri ya Marekani mwaka uliofuata. Mapenzi ya mwenye nyumba yanasomeka kwenye plastiki. Siku moja nilimwonyesha mzee mmoja wa Chumbageni ukanda wa kijivu kwenye santuri yake.

"Shikamoo yangu umeipokea, mzee wangu, lakini huu wimbo wa nne umeuua."

Akachukua miwani, akatazama. "Huo? Huo alikuwa anaupiga marehemu mama yenu. Mimi nilikuwa nikimwambia asikie na mingine."

Hakuniuzia. Wala sikusisitiza.

Na ukikuta kwenye rundo santuri nzito, nene, inayolia kama sahani ya udongo ukiigonga kwa kucha, hiyo ni ya mizunguko 78, ya zama za Siti binti Saad aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Hiyo ni somo jingine. Hapa nikuonye mawili tu: ikianguka inavunjika kama kigae, na usiipake spiriti hata tone, kwani imetengenezwa kwa utomvu wa mdudu unaoyeyuka kwenye spiriti.

Bei

Muuzaji atatazama jalada, wewe zungumzia uso wa santuri. Nilishatajiwa elfu thelathini nikaondoka na kitu kwa elfu kumi na mbili, baada ya kumwonyesha ukanda wa kijivu kwa mkono wake mwenyewe. Usikashifu mali ya mtu. Onyesha, nyamaza, subiri.

Ukibeba kwa bodaboda, ibane kati ya maboksi mawili ya karatasi ngumu, uishike wima kifuani. Usiiache kwenye gari lililofungwa juani hata kwa muda wa kunywa kahawa.

Kuiosha

Usiipige kabla ya kuiosha. Vumbi la miaka arobaini likisagwa na sindano linakuwa msasa.

Utahitaji maji yasiyo na chumvi. Maji ya bomba yakikauka yanaacha madini yake mferejini, na ya kisima cha karibu na bahari ndiyo usiseme. Nenda kituo cha mafuta au duka la vipuri ununue maji ya betri. Soma chupa mara mbili: unataka maji ya kuongezea, si asidi, chupa hukaa rafu moja na zinafanana. Lita moja inatosha santuri kadhaa.

Chukua bakuli, weka maji hayo na tone moja la sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na rangi kali. Tone moja kweli. Mkono wenye sabuni nyingi utakufanya usuuze mpaka maji yaishe. Kwa santuri ya plastiki yenye mafuta ya vidole unaweza kuongeza kiasi kidogo cha spiriti safi ya isopropili inayouzwa maduka ya dawa. Ile ya zambarau ya kuwashia jiko hapana, ina rangi na mengineyo.

Kitambaa kiwe laini kisichotoa nyuzi, cha maikrofaiba kama wanachofutia miwani. Laza santuri juu ya taulo safi. Lowanisha kitambaa, kamua, kisha futa kwa kuzunguka, ukifuata mfereji, kamwe usikate kutoka katikati kwenda nje kama unapiga deki. Kumbuka kila upande una mfereji mmoja tu, mrefu, unaojizungusha kutoka nje hadi ndani, wewe unausindikiza. Acha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kibandiko. Karatasi ile ikilowa inavimba, rangi inachuruzika, na hapo umeshusha thamani kwa mikono yako mwenyewe.

Penye ukungu, zile nukta nyeupe ambazo Tanga haziishi, rudia mara mbili tatu, halafu tupa maji yale na chukua mapya. Suuza kwa maji ya betri matupu. Simamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini, penye upepo, ikauke yenyewe. Si juani. Na usiifute kwa kanga, hata iliyochakaa. Nilifanya hivyo nikaokota nyuzi kwenye sindano kwa wiki nzima.

Bahasha ya ndani ya zamani usiirudishie santuri iliyooshwa. Ni kama kuoga na kuvaa nguo chafu. Kata mpya kwa karatasi nyeupe laini, au nunua za plastiki laini kama utazipata. Ya zamani iweke ndani ya jalada kando, kwa kumbukumbu.

Mashine

Mashine nyingi tulizorithi zilikaa miaka bila kuwashwa, na mkanda wa mpira unaozungusha sahani umelegea au umegeuka lami. Dalili yake ni Jim kuimba kama mlevi. Pima hivi: bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani ya mashine, weka mizunguko 33 (kwa hakika ni 33 na theluthi), tazama saa, hesabu. Kwa dakika tatu karatasi ipite mbele yako mara 100 kamili. Ikipita 96, mkanda umechoka. Fundi atakwambia mkanda wa cherehani unafaa. Haufai.

Sindano ibadilishwe. Hata kama muuzaji anaapa ni mpya. Sindano ya almasi hufanya kazi saa mia kadhaa, ikitunzwa inaweza kukaribia elfu, na hakuna mtu aliyewahi kuhesabu saa za mjomba wake. Sindano mpya kwenye santuri iliyochoka kidogo huokoa mengi, kwa kuwa inaweza kugusa sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo ile butu haikuifikia.

Sasa uzito. Kuna desturi ya wazee ya kuweka sarafu ya shilingi juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Niliiona kwetu, pengine nawe uliiona kwenu. Iondoe. Mikono mingi ya mashine za kawaida inataka gramu moja na nusu mpaka mbili na nusu, na sarafu ile peke yake inazidi hapo mara kadhaa. Nusu ya kanda za kijivu nilizoziona maishani zimeletwa nayo. Rudisha uzito wa nyuma ya mkono mpaka mkono uelee wenyewe, usipande wala usishuke, weka namba kwenye sifuri, kisha zungusha hadi kiasi kilichoandikwa kwenye karatasi ya sindano. Mwenye shaka anunue mizani midogo ya dijiti, ile wanayopimia dhahabu masonara; ni rahisi na haidanganyi. Ikiwa sindano bado inaruka, tatizo ni uchafu, meza isiyo sawa au mkwaruzo, si wepesi.

Mashine isiyo na kikuza sauti chake ndani inahitaji tundu la PHONO kwenye amplifaya. Ukichomeka tundu la kawaida utasikia sauti ya mbu, bila bezi. Na ikiunguruma mfululizo, funga waya wa ethi wa mashine kwenye skrubu ya amplifaya.

Kuiweka

Adui wa santuri mji huu ni hewa yenyewe. Unyevu wa bahari, joto, na miezi ya masika ambapo hata viatu vinaota ukungu mvunguni. Simamisha santuri wima kama vitabu, zisiegemeane kwa kulala, wala usizipange moja juu ya nyingine: za chini zitachukua umbo la za juu. Weka rafu mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja ili hewa ipite, na juu kutoka sakafuni, kwa sababu ya maji na mchwa. Jalada ni karatasi, na mchwa hajui RCA Victor ni nani. Usizifunge kwenye mfuko wa nailoni uliokazwa. Watu wa Raskazone, mlio karibu na maji, fungueni kabati siku za jua kali na kavu, zitoeni, zipanguseni majalada kwa kitambaa kikavu, mzirudishe kabla ya magharibi.

Kuinakili

Santuri iliyooshwa na kupata sindano mpya, inakili siku hiyohiyo. Waya kutoka amplifaya kwenda kompyuta, programu ya bure kama Audacity, rekodi upande mzima bila kusimamisha, kwa kiwango cha sampuli 44,100 kwa sekunde na biti 16 au zaidi. Angalia vidirisha vya sauti visifike nyekundu. Jaribu kwanza na wimbo wenye sauti kubwa kuliko yote. Usikimbilie kusafisha kila mchakacho kwa programu, kwani unaondoka na pumzi ya mwimbaji. Hifadhi faili zima kwanza, ndipo ukate nyimbo moja moja na kuzipa majina, ukiandika na namba ya santuri.

Kisha irudishe santuri kwenye bahasha mpya, na bahasha ndani ya jalada, mdomo wa bahasha ukitazama juu na si upande uliofunguka, ili mtoto akivuta jalada kwa haraka santuri isiteleze ikaangukia sakafu.